Reli Bila Ruzuku: Historia Fupi ya Usafiri wa Umma Kalemie

Mji wa Kalemie ulikuzwa na reli. Mwaka 1915 njia ya kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilifika ziwani kutoka Kabalo, umbali wa kilometa 273, ikaunganisha mto Lualaba na ziwa Tanganyika. Tangu hapo treni na meli zilipokezana abiria na shehena katika bandari hiyo, iliyojulikana kwa jina la Albertville hadi mwaka 1966. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba serikali ilipoacha kuugharimia usafiri huo, gharama haikutoweka, bali ilihamia mabegani mwa wengine.

Mwaka 1974 serikali ya Zaire iliziunganisha kampuni za reli, CFL ikiwa miongoni mwake, kuwa shirika moja la SNCZ. Tegemeo kuu la shirika hilo lilikuwa shaba ya Gécamines. Kwa hiyo njia ya Kalemie, isiyo na mgodi mkubwa wa shaba kandokando yake, ilifungamana na bahati ya migodi ya mbali. Mwaka 1975 bei ya shaba iliporomoka, na vita vya Angola vikafunga njia ya Benguela. Mwaka 1983 serikali ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa ya kubana matumizi. Uzalishaji wa shaba, uliozidi tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Wakati huohuo Wakasai, ambao wengi wao walikuwa mafundi na makarani wa reli, walifukuzwa Shaba.

Suluhisho lililofuata lilikuwa kubinafsisha uendeshaji. Mwaka 1995 reli ilikabidhiwa Sizarail, ubia uliowashirikisha wawekezaji wa Ubelgiji na Afrika Kusini. Mwaka 1997 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilivunja mpango huo, na shirika likaitwa SNCC. Vita vilivyoanza mwaka 1998 vikaongeza uharibifu.

Basi ni nani aliyelipa? Kwanza ni wafanyakazi, waliofanya kazi miezi mingi bila mishahara huku familia zao zikiishi kwa kilimo na biashara ndogondogo. Pili ni wachuuzi, waliosukuma magunia kwa baiskeli, ambayo Waswahili wa Katanga huiita *kinga*, au kuyapakia katika maboti ya mbao ziwani. Tatu ni abiria, waliopanda mabehewa ya mizigo kwa kukosa mengine. Tarehe 12 Septemba 2019 treni ya mizigo ilianguka Mayibaridi, katika jimbo la Tanganyika, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo abiria wa namna hiyo.

Kwa kuhitimisha, hakuna amri iliyofunga reli ya Kalemie. Ingelikuwapo, wananchi wangalijua wa kumwuliza. Huduma ilipunguzwa kidogo kidogo, na kila pengo likazibwa na mtu asiyeandikwa katika hesabu za shirika. Mwanahistoria atakayesoma hesabu hizo peke yake ataona akiba mahali ambapo palikuwa na deni.