Weman, Henry

Mswidi, mpiga kinanda wa Kanisa Kuu la Uppsala na mtafiti wa muziki wa Kiafrika. Afrika Mashariki anastahili kukumbukwa kwa hoja iliyokishusha hadhi kinanda chenyewe. Baada ya utafiti Tanganyika, Rhodesia ya Kusini na Afrika Kusini, alichapisha mwaka 1960 kitabu kilichotaka ibada ijengwe juu ya muziki wa wenyeji. Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa lugha: toni hubeba maana, na tuni moja ya Ulaya ikirudiwa kwa beti zote huipotosha. Hoja hiyo inagusa hata Manga, katika nchi ya Wagusii nchini Kenya, kwani Ekegusii ni lugha ya toni, na Wagusii wana obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito.

Wapo watakaosema waumini wenyewe walizipenda tenzi za kigeni. Ni kweli, na wengi wanazipenda hadi leo. Lakini upendo huo ulikua pale ambapo ngoma zilihesabiwa upagani (hukumu ya haraka mno), hivyo hauthibitishi kwamba muziki wa kwao haukufaa. Mfano wa kwamba ulifaa upo: katika chuo cha teolojia cha Makumira, Tanzania, Mmarekani Howard Olson alikusanya tuni za Kitanzania, nazo zikaimbwa makanisani.