Kitenzi kimoja, baba watatu

Tuliosoma Kongo na Burundi, mnakumbuka kitenzi aller? Je vais, nous allons, j'irai. Tulikikariri mpaka usingizini, lakini hatukuwahi kuelewa kwa nini "kwenda" ina sura tatu. Tumelitafuta jibu.

Kumbe ni vitenzi vitatu vya Kilatini vilivyoungana kuwa kimoja.

Majeshi ya Julius Caesar yaliiteka Galia, yaani sehemu kubwa ya Ufaransa ya leo, kati ya mwaka 58 na 50 kabla ya Kristo. Kilatini kilichoota mizizi kule kilikuwa cha mdomoni, cha askari na wachuuzi. Vitabuni "kwenda" ilikuwa ire, ila maumbo yake mengine ni mafupi mno: "anakwenda" ni it tu. Ukiongea haraka linamezwa. Watu wakashika vadere, neno lenye uzito zaidi: ndiko zilikotoka vais, vas, va na vont. Allons na allez, wataalamu wengi wanazirudisha kwenye ambulare, kutembea. Ire nayo haikufa, ilijificha kwenye wakati ujao: j'irai ni ire pamoja na habeo, "nina". Yaani "nina kwenda"!

Msicheke, hata sisi tuko hivyo hivyo. Ile "ta" ya "nitaenda" ilitoka kwenye "taka", na bado inachungulia tukisema "atakayeenda".

Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours waliagiza mahubiri yatolewe kwa lugha ya watu wa kawaida, ili kila mtu aelewe. Waliiita lugha ya Kirumi ya kishamba. Hiyo ya kishamba ndiyo iliyozaa Kifaransa tulichofanyia mitihani.

Kwa nini tunaandika haya? Kwa sababu huku tuliko tunaambiwa Kiswahili chetu ni kibovu. Mwenzetu mmoja alisema "naendaka kliniki", ikaandikwa kwamba alienda mara moja. Hapana. Ile "ka" ya mwisho maana yake anaenda kila mara. Alikuwa anaeleza ugonjwa wa muda mrefu.

Wapendwa mnaotuhoji, mkisikia neno msilolijua, msilisahihishe kwanza. Tuulizeni maana yake. Na sisi vijana, tujifunze Kiswahili sanifu, tujifunze Kiingereza, lakini tusione aibu na lugha ya mama zetu.

Allons-y, twende.