Mashujaa Hamsini na Sita

Mwalimu anapostaafu hukabidhi funguo, daftari la mali na muhuri wa ofisi, lakini mazoea hayana mtu wa kumkabidhi. Mimi nilitoka chuoni na zoea moja la kuhesabu. Miaka yote niliyokwenda kuwakagua wanachuo wetu katika mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa na kuchora miraba kwa kufuata mpangilio wa madawati. Kila mwanachuo alipomwuliza mtoto swali, niliweka alama katika mraba wa mtoto yule. Mwisho wa kipindi nilimwonyesha karatasi bila ya maneno mengi. Aghalabu alama zote zilikuwa zimerundikana katika miraba mitano au sita ya mbele, na iliyobaki ilikuwa mitupu. “Hawa wengine,” nilikuwa nikimwuliza, “wamekuja shuleni kufanya nini?”

Karatasi ile niliikumbuka likizo iliyopita, mjukuu wangu wa kidato cha pili alipokuja kukaa nasi akiwa na mashine yake ya michezo ya video. Jioni ya kwanza nilisikia makelele ya ngumi na ngurumo sebuleni, nikaenda kuizima. “Shikamoo babu,” akasema bila ya kugeuza macho, “ngoja nimalize raundi hii tu.” Nikasimama pale nikingoja raundi iishe, na huo ndio ukawa mwanzo wa elimu yangu mpya.

Mchezo wenyewe huitwa Marvel vs. Capcom 2. Ulitoka mwaka 2000, yaani kabla ya kijana huyu kuzaliwa, na sasa umo ndani ya mkusanyo wa michezo saba uliotolewa mwezi Septemba 2024. Asili yake ni kampuni ya Capcom ya Osaka, Japani, ambayo mwaka 1991 iliwashangaza vijana wa dunia kwa Street Fighter II, mchezo wa watu wawili kupigana ana kwa ana katika mashine kubwa za kutumbukiza sarafu. Baada ya hapo kampuni hiyo ilipata ruhusa ya kutumia mashujaa wa vijitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel ya Marekani. Mwaka 1994 ikatoa mchezo wa kundi la X-Men, na mwaka 1996 ikawakutanisha X-Men hao na wapiganaji wake yenyewe wa Street Fighter, kila mchezaji akiwa na watu wawili wanaopokezana. Mwaka 1998 ukaja Marvel vs. Capcom wa kwanza. Huu wa mwaka 2000 ulivunja mipaka yote: wapiganaji hamsini na sita, 28 wa Marvel na 28 wa Capcom, na kila mchezaji huchagua watatu.

Nieleze kwanza uzuri wake, maana si haki kumhukumu mtu kabla ya kusikiliza sifa zake. Katika timu ya watatu, mmoja yuko uwanjani na wawili wanangoja nje. Aliyeumia akitolewa, sehemu ya nguvu alizopoteza humrudia kidogo kidogo akiwa amepumzika. Wanaongoja nao hawakai bure: kwa kubonyeza kitufe kimoja unamwita mwenzako, anaruka ndani, anapiga pigo lake na kutoka. Hivyo mtu hachagui wapiganaji watatu tu, huchagua pia namna watakavyosaidiana. Vitufe vya kupigia vilipunguzwa vikawa vinne, ngumi mbili na mateke mawili, hata mgeni aweze kuanza mara moja. Lakini mchanganyiko wa mambo yanayowezekana ni mkubwa mno, na wachezaji waliendelea kugundua mapya kwa miaka mingi. Katika mashindano makubwa ya Marekani yaitwayo Evo, mchezo huu ulichezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2010. Kwa chombo cha kuchezea, miaka minane ni umri wa kutosha.

Uzuri mwingine ni wa kwetu. Kati ya hao 56 yumo mwanamke mweusi mwenye nywele nyeupe, anayeamuru upepo, radi na mvua ya mawe. Wamarekani humwita Storm, lakini jina lake la kuzaliwa ni Ororo. Alibuniwa na Len Wein na Dave Cockrum katika kitabu cha katuni cha mwaka 1975. Kwa mujibu wa hadithi yake, mama yake ni binti wa ukoo wa kifalme wa Kenya na baba yake ni mpiga picha wa Marekani. Alibaki yatima mjini Cairo, kisha akasafiri kuelekea kusini mpaka Kenya, na huko watu wakamfanya kuwa mungu wa mvua. Hadithi husema kwamba maana ya jina lake ni uzuri. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikamwambia mjukuu wangu kwamba sisi tunalo neno hilohilo: mkate mwororo, ngozi nyororo, yaani laini. Sidai kwamba waandishi wale walilichukua kwetu. Lakini kijana alicheka sana, kwani Ororo wake alikuwa wakati huohuo akimrushia mtu radi, na hapakuwa na ulaini wowote.

Nikamwuliza, “Na huyu ni hodari?” Akajibu, “Babu, huyu ni mmoja wa miungu wanne.”

Hapo ndipo nilipoanza kuuona upungufu. Wachezaji wa mchezo huu huwaita wapiganaji wanne kwa jina hilo la miungu: Storm, Magneto, Sentinel na Cable. Storm huruka na kukimbia angani mpaka adui achoke. Magneto ni mwepesi kiasi kwamba akikugusa mara moja huenda usipate tena nafasi ya kupumua. Sentinel ni jitu la chuma linaloruka na kupiga kwa uzito mkubwa. Cable ana bunduki, na mionzi yake huvuka uwanja mzima. Mjukuu wangu alinionyesha katika simu yake picha za mashindano ya mabingwa. Nikachukua karatasi, nikachora miraba 56, na jioni mbili tukaweka alama kila mpiganaji alipochaguliwa. Nilijua mapema karatasi ile ingefananaje. Alama zilirundikana katika miraba michache, hasa ile minne, na sehemu kubwa ya karatasi ilibaki nyeupe.

Sababu yake haikuwa ubaya wa nia. Watengenezaji walitaka wingi, na njia ya mkato ya kupata wingi ilikuwa kuchukua michoro ya wapiganaji kutoka katika michezo yao ya nyuma, ile ya mwaka 1994 na iliyofuata. Kila mpiganaji aliletwa na nguvu alizopewa kwa ajili ya mchezo mwingine, wenye sheria nyingine. Waliozoea kutembea ardhini wakawekwa uwanja mmoja na wanaoruka. Magneto mwenyewe katika mchezo wa 1994 alikuwa adui wa mwisho, aliyetengenezwa makusudi asishindike kirahisi. Tena mwaka 2000 mashine ikishatoka kiwandani ilikuwa imetoka. Hapakuwa na njia ya kuirekebisha kupitia intaneti kama ifanyikavyo leo. Kosa lililomo siku ya kwanza ndilo lililomo mpaka leo.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Katika karatasi yetu palikuwa na miraba mitatu yenye alama nyingi ambayo haikuwa ya wale wanne: Psylocke, Cyclops na Captain Commando. Nikamwuliza kijana kama nao ni hodari. Akaniambia kwamba hawa huchukuliwa zaidi kwa ajili ya kuitwa. Wanaruka ndani, wanampiga adui aliye angani, wanatoka, na mmoja wa miungu anamaliza kazi. “Bila wao, babu, wale wakubwa wasingeshinda hivyo. Lakini hakuna anayekuja kuwatazama wao.”

Ndugu msomaji, nikiwa mkuu wa chuo nilikuwa na mwanachuo wa namna hiyo. Wakaguzi walipokuja, sisi tuliandaa vipindi vya mfano, na wa kuvifundisha nilikuwa nikiwachagua mwenyewe: vijana watatu au wanne wenye sauti nzuri na uso mkunjufu, walewale kila mara. Huyu hakuwa mmoja wao. Kazi yake ilikuwa vifaa vya kufundishia. Alichora ramani kwenye mifuko ya saruji, alifinyanga milima kwa udongo, aliandika kadi za maneno kwa mwandiko ambao sijauona tena. Usiku wa kuamkia ukaguzi taa ya chumba cha vifaa haikuzimika. Asubuhi wenzake walifundisha, wakaguzi wakasifu, nami nikawapa mkono wale waliofundisha mbele ya chuo kizima.

Miaka michache baadaye aliniandikia kutoka shule aliyopangiwa. Aliomba barua ya kumpendekeza, apate kusoma zaidi. Nikakaa mezani na karatasi, na kwa nusu saa nzima sikupata sentensi ya pili. Nilijua mwandiko wake, lakini sikujua sauti yake. Miaka miwili alikuwa mikononi mwangu, na sikuwahi kumsikia akifundisha kipindi kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mimi niliyekuwa nikiwaonyesha wengine miraba mitupu, sikuwahi kuchora miraba ya chuo changu mwenyewe. Niliandika kwamba ni mtu mwenye nidhamu na mchapakazi, maneno ambayo humwandikia mtu usiyemjua. Nafasi hakuipata. Siwezi kusema kwamba barua yangu ndiyo iliyomwangusha, lakini najua haikumwinua.

Nimeona niyaandike haya kwa sababu niliyoyasoma katika mchezo yananihukumu na kunifundisha kwa pamoja. Watengenezaji walijaribu dawa mbalimbali. Mwaka 2011 walitoa mchezo wa tatu, na mwaka 2017 mwingine ulioitwa Infinite, wenye timu za watu wawili na wapiganaji 30 tu ulipotoka. X-Men hawakuwemo, Ororo wetu pia hakuwemo, na wachezaji wengi hawakuupenda. Kati ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2013, ule wa 2000 ulikuwa umeondolewa katika maduka ya intaneti, kwa kuwa mkataba wa Capcom na Marvel ulikwisha. Kumbe kupunguza watu siyo dawa ya kutowatumia.

Dawa iliyonipendeza ilitoka kwa wachezaji wenyewe. Baadhi yao wamebuni mashindano ambamo kila mpiganaji hupewa bei kwa pointi. Miungu wana bei kubwa, wanyonge wana bei ndogo, na timu yako isizidi jumla iliyowekwa. Ukimchukua Magneto, wenzake wawili utawatafuta katika miraba iliyokuwa mitupu. Hawakubadili hata mstari mmoja wa programu; walibadili tu desturi ya kuchagua. Wakaonekana uwanjani wapiganaji waliokuwa wamekaa nje kwa zaidi ya miaka ishirini, na baadhi yao, kumbe, walikuwa na mapigo ambayo hakuna aliyejishughulisha kuyajua.

Mwalimu hana haja ya kungoja mtaala mpya ili afanye hivyo. Mimi nilikuwa na uwezo wa kusema, mwaka ule, kwamba aliyefundisha mbele ya wakaguzi mara iliyopita safari hii atachora ramani, na mchora ramani atashika chaki. Isingegharimu hata senti.

Kabla ya likizo kwisha nilimwomba mjukuu wangu anifundishe kucheza. Akataka kunipa Storm, kwa heshima ya jina lake. Nikakataa. Nikachukua ile karatasi yetu, nikamchagua mmoja ambaye mraba wake haukuwa na alama hata moja, mpiganaji aitwaye Amingo, ambaye ni mmea wa miiba unaotembea. Nilipigwa vibaya sana. Kijana akaniuliza kama nibadilishe mtu.

“Hapana,” nikamwambia. “Huyu bado sijamjua.”

Kisha nikaweka alama katika mraba wake.