Mpigo Uliokuwa Kero

Mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden, Tokyo, hakuwa na nia ya kupima oksijeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alitaka kujua moyo unasukuma damu kiasi gani: mgonjwa anatiwa rangi mshipani, sikio linamulikwa. Mpigo ukamvurugia mchoro kila mara. Alipoufuta kwa hesabu, ukarudi pale oksijeni ilipopungua. Kumbe kero ndiyo iliyobeba habari! Kinachorukaruka ni damu ya ateri. Nyama, mfupa na ngozi vimetulia, kwa hiyo vinatolewa. Alilieleza hilo mwaka 1974.

Sisi wauguzi wa zamu za usiku tuna deni kwake. Kabla yake, Mjerumani Karl Matthes alipima oksijeni kwa kumulika sikio tangu 1935, na Glenn Millikan akatengeneza kifaa cha marubani wa vita. Lakini Earl Wood, katika miaka ya 1940, ilimbidi kwanza alibane sikio mpaka liishiwe damu. Nani atalala hivyo? Kifaa cha Hewlett-Packard cha 1976, kikubwa na ghali, kililipasha sikio joto tu, ndipo maabara za usingizi zikakichangamkia. Mwaka huohuo Christian Guilleminault na wenzake wa Stanford waliandika kuhusu watu wanaokatika pumzi usiku kucha bila kujijua.

Hao nawafahamu. Mzee anakoroma, ananyamaza. Namba ya oksimita kidoleni, inayosomwa kwa mpigo wa Aoyagi, ni asilimia 94, 90, 86. Anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, inapanda. Asubuhi atakuapia kwamba alilala fofofo. Tena kidole huchelewa: damu yenye upungufu huchukua muda kutoka mapafuni hadi nchani, hivyo namba inaweza kuendelea kushuka ilhali ameshaanza kupumua. Muuguzi mgeni hukimbilia mashine. Mimi hutazama kifua.

Aoyagi alifariki Aprili 2020, wakati dunia inagombania oksimita kwa sababu ya korona. Desemba ile watafiti wa Marekani wakaonyesha kuwa upungufu uliofichika, ambao oksimita haikuuona, ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu ya weupe. Ngozi, ambayo hesabu ilidhaniwa kuitoa, imo bado. Kwa hiyo mashine ikisoma 93 na ulimi wa mgonjwa umeingia ubuluu, namwamsha daktari, achukue damu ya ateri.