Bisibisi Inayojua Kuacha

Kasha la bibi lilikuja kwangu kutoka Tanga mwaka ule alipofariki, na kwa miaka mingi limekaa chumbani likiwa na bawaba moja iliyolegea. Juzi nikajiambia, sasa basi, mimi si nina karakana? Karakana yenyewe ni kibaraza cha nyuma chenye meza, jiriwa na misumeno miwili, lakini kwa mtu anayeshinda kwenye vitabu inatosha. Nikaazima drili kubwa ya betri kwa jirani, nikaweka parafujo mpya ya shaba, nikabonyeza. Hazikupita sekunde mbili. Tak! Kichwa cha parafujo kikaruka, kiwiliwili chake kikabaki ndani ya ubao ambao bibi aliurithi kwa mama yake.

Nililibeba kasha hadi Keko, kwa fundi mmoja mzee ninayemwamini. Akalipapasa, akachungulia tundu, akaniuliza, "Umetumia nini, mwanangu?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Ili kuficha aibu nikamuuliza ninunue bisibisi gani ya betri, ndogo, ya kazi za nyumbani kama hii. Akacheka. "Mchagua jembe si mkulima," akasema, akaendelea kupiga randa.

Methali hiyo ilinikera njia nzima ya kurudi nyumbani. Sikukereka kwa kuwa ni ya uongo. Nilikereka kwa kuwa nilihisi imesema nusu tu ya ukweli. Nikaamua kabla sijaenda Kariakoo kununua chochote nisome kwanza, maana huo ndio ugonjwa wangu, nanyi wasomaji mnaujua.

Bahati nzuri kuna kitabu. Witold Rybczynski, mwandishi wa masuala ya usanifu majengo, aliombwa na jarida la New York Times aandike insha fupi kuhusu zana bora ya milenia iliyokuwa inakwisha. Akahangaika na misumeno na randa, akakuta vyote ni vya kale mno. Mkewe ndiye aliyemkumbusha bisibisi. Insha ile ikazaa kitabu, One Good Turn, kilichotoka mwaka 2000. Nilichokipenda humo ni jambo moja: zana hii tunayoiona ya kawaida kabisa ni changa. Mojawapo ya picha zake za mwanzo imo katika muswada wa Kijerumani wa mwishoni mwa karne ya 15, ambamo pia mna mchoro wa mashine ya kuchonga parafujo. Wakati huo pwani yetu mitepe ilikuwa ikisafiri baharini, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba ya nazi bila msumari hata mmoja. Wareno walipofika mwaka 1498 walikuta watu wanaojua kuunganisha mbao vizuri sana. Lakini neno parafujo tumelichukua kwao, parafuso, kama tulivyochukua meza.

Kwa muda mrefu parafujo ilikuwa kitu cha anasa. Mhunzi aliifua, akachonga meno yake kwa tupa mkono kwa mkono, akaikata mfuo kichwani kwa msumeno. Hakuna mbili zilizofanana. Mwaka 1760 ndugu wawili wa Kiingereza, Job na William Wyatt, walipata hataza ya mashine ya kutengeneza parafujo za mbao, na hapo ndipo bei ikaanza kushuka. Hata hivyo parafujo hizo zilikuwa butu. Ilibidi utoboe tundu kwanza, kwa sababu haikuwa na ncha ya kujipenyeza. Parafujo yenye ncha ilienea katikati ya karne ya 19, na mashine zake zilibuniwa Marekani.

Hapa kuna mtu ambaye sikutegemea kumkuta. Mwaka 1854 kiwanda cha Nettlefold cha Birmingham kilitaka haki ya kutumia mashine hizo, kikahitaji mtaji. Aliyeutoa alikuwa ndugu wa ukoo, mzee Chamberlain, naye akamtuma mwanawe Joseph, kijana wa miaka 18, akaangalie fedha zake. Joseph Chamberlain alitajirika kwa parafujo, akaacha biashara mwaka 1874, akaingia siasa moja kwa moja. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza. Desemba 1902, akielekea Afrika Kusini, alishuka Mombasa akapanda treni ya reli ya Uganda, akaangalia nchi kupitia dirishani. Miezi michache baadaye alikuwa akimpendekezea Theodor Herzl kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa Ulaya wapewe ardhi huku kwetu, na sehemu iliyokuja kujadiliwa ilikuwa nyanda za Uasin Gishu. Waliokuwa wakiishi huko hakuna aliyewauliza. Mpango ulikufa mwaka 1905. Nilipoisoma habari hiyo nililikumbuka lile tundu la kasha: nguvu nyingi, haraka, na mwenye ubao hakuulizwa.

Turudi kwenye vichwa vya parafujo, maana kisa changu kilianzia hapo. Mfuo wa bapa una ubaya mmoja, bisibisi huteleza. Inasimuliwa kwamba mwaka 1908 Mkanada aitwaye Peter Robertson alikuwa akionyesha wateja bisibisi ya springi, ikateleza, ikamkata mkono. Akaenda kubuni kichwa chenye tundu la mraba, ambalo bisibisi ikishaingia haitoki ovyo. Henry Ford aliipenda, lakini Robertson hakutaka kumwachia mtu mwingine udhibiti wa kitu chake. Wakanada wanaitumia hadi leo. Dunia nyingine ikachukua ya Henry Phillips wa Oregon, aliyepata hataza zake mwaka 1936. Ndiyo hii tunayoiita nyota. Kampuni ya magari ya Cadillac iliichukua mapema, kwa sababu ncha ya nyota hujiweka katikati yenyewe, na hilo linaifaa mashine iliyo kwenye mstari wa kiwandani. Ina tabia nyingine pia: ukizidisha nguvu, ncha huruka nje ya kichwa. Watu bado wanabishana kama ilikusudiwa iwe hivyo, ili parafujo isikazwe kupita kiasi. Seremala wa nyumbani anaijua kama kero. Mimi, baada ya lile tak, nimeanza kuiona kama onyo.

Swali ni lile lile karne zote hizi: nani anajua pa kuacha? Bisibisi ya mkono haisumbuliki na swali hilo. Kiganja husikia. Parafujo ikianza kugoma, kiganja kinajua kabla ya akili. Umeme ndio ulioleta shida. Black & Decker walipata hataza ya drili ya kushika kama bastola, yenye kifyatulio, mwaka 1917. Mwaka 1961 wakatoa drili ya betri. Kwa hiyo wale wanaosema drili ya betri ilibuniwa kwa ajili ya safari za Mwezini wamepindua mambo. Drili ya Mwezini ilifuata, na ilipotumika katika Apollo 15 mwaka 1971 ilikwama. Wanaanga wawili walilazimika kuvuta kwa mabega kuitoa ile mirija yake ardhini. Hata huko juu, jamani.

Betri za zamani za nikeli na kadimiamu zilikuwa na tatizo kwa watu kama mimi. Ukiiweka zana kwenye droo miezi miwili, ukija kuitaka imekufa. Mwaka 2003 Bosch ikatoa IXO, bisibisi ndogo iliyokuwa ya kwanza miongoni mwa zana za umeme za mkononi kutumia betri ya lithiamu. Hiyo hukaa na chaji yake ikikungoja. Bila betri hiyo, bisibisi ndogo ya nyumbani isingekuwa na maana. Lakini betri nyingi za aina hiyo zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, sana sana Kolwezi na Lualaba. Wako wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni huko na sururu na kamba, na Kiswahili ndiyo lugha yao. Kinachonirahisishia mimi kukaza bawaba hapa kibarazani huenda kimewachosha wenzangu tunaosemezana bila mkalimani. Kwa sababu hiyo nimeamua nitakachonunua kiwe cha kukaa nacho miaka.

Basi nikaenda Kariakoo. Muuzaji alinisukumia drili ya volti 18. "Bosi, hii inatoboa mpaka ukuta!" Nikamwambia sitaki ukuta. Nikachukua bisibisi ya volti 3.6, yenye nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 4 hivi. Ile ya jirani inapita 50. Nilihakikisha ina klachi, ile pete ya namba nyuma ya ncha: ukiiweka namba ndogo, parafujo ikigoma inalia tra-tra-tra na kuacha kuzungusha. Nikahakikisha ncha zake ni za pembe sita za robo inchi, kwa kuwa hizo zinapatikana kila duka. Na nikanunua ncha za aina zote mbili zinazofanana na nyota, kwani ile yenye vijistari vidogo katikati ya msalaba ni nyingine kabisa, ukizichanganya unakula kichwa cha parafujo.

Mzee wa Keko alikuwa ameshalitoa lile gogo la shaba na kuziba tundu kwa kijiti cha mbao na gundi. Nilimwonyesha bisibisi yangu. Akaigeuza mkononi, akaizungusha pete, akasikiliza tra-tra-tra, akatabasamu kidogo. Kisha akanifundisha lisilokuwemo kitabuni. Toboa kwanza. Ingiza parafujo ya chuma ya kipimo hicho hicho, ichonge njia, itoe. Ipake ile ya shaba nta ya mshumaa. Endesha kwa betri mpaka ibaki mizunguko miwili.

"Halafu?" nikamuuliza.

Akanipa bisibisi yake ya mkono, yenye mpini wa mbao uliong'aa kwa jasho. Mizunguko miwili ya mwisho nikaikaza kwa hiyo, taratibu, mpaka kiganja kiliponiambia imetosha.