Mpaka Usio na Mpimaji

Msomaji, ukifika soko la Taveta ukakuta ndizi zilizoiva kupita kiasi, utaona vinzi vidogo vyenye macho mekundu vikizizunguka. Si wale nzi wakubwa zaidi waharibuo maembe shambani. Hawa hufuata chachu ya tunda lililoanza kuoza. Asili yao ni bara letu la Afrika, na kutoka humu wameenea dunia nzima wakimfuata mwanadamu na matunda yake.

Taveta yenyewe ni mji wa mpakani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana, huko huko Ulaya, kwamba mstari utoke mdomo wa mto Umba hadi ziwa Jipe, upite katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga, kisha uuzunguke mlima Kilimanjaro kwa kaskazini. Wenyeji hawakuulizwa. Agosti 1914 askari wa Kijerumani waliuvuka mstari huo wakautwaa mji, wakakaa humo hata Machi 1916. Uuweke moyoni mpaka huo, kwani nitakaokusimulia sasa haukuchorwa na mtu yeyote, wala hauna bikoni.

Yai la kinzi hiki lina urefu wa nusu milimita hivi. Kiini chake hugawanyika tena na tena bila kuta za kuvitenga viini, hata vikapatikana viini 6,000 hivi chini ya ngozi ya yai. Vyote vimepewa urithi ule ule. Basi ni nani akiambiaye hiki kuwa kichwa, na kile kuwa tumbo?

Thomas Hunt Morgan alianza kuvifuga vinzi hivi huko New York, na mwaka 1910 akatangaza habari za mmoja mwenye macho meupe. Lakini swali letu lilingoja sana. Mwaka 1969 Lewis Wolpert, mzaliwa wa Johannesburg aliyewahi kuwa mhandisi wa ujenzi, alitoa wazo kwamba huenda dutu fulani ni nyingi upande mmoja na hupungua kidogo kidogo kuelekea wa pili, na kila seli hujua mahali pake kwa kiasi inachokipata. Wengi hawakusadiki. Dutu yenyewe iko wapi?

Mjini Heidelberg, Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus walichunguza maelfu ya jamaa za vinzi wenye kasoro, na mwaka 1980 wakatangaza jeni zigawazo mwili kuwa pingili. Baadaye ikajulikana jeni moja ya ajabu, bikoidi. Mama akiikosa, watoto wake hawaoti kichwa wala kifua, nao hufa. Mwaka 1988 Wolfgang Driever na Nüsslein-Volhard walionyesha kuwa protini yake hujaa upande wa kichwa na kufifia kuelekea nyuma. Mama akipewa nakala zaidi za jeni hiyo, sehemu ya kichwa husogea nyuma.

Hapa pana fumbo. Protini hufifia polepole kama moshi, lakini jeni iitwayo kibiongo, inayowashwa nayo, huwaka nusu ya mbele na kuzimika ghafula karibu na katikati. Sababu moja ni kwamba chembe za bikoidi hushika mahali kadhaa karibu na jeni na kusaidiana. Wafikirie watu wanaosukuma lori lililokwama matopeni: watano hawalitikisi, wakiwa wanane linatoka. Tena jeni jirani huzimana, kila moja ikilinda eneo lake.

Mwaka 2002 Wieschaus na wenzake walipima mayai mengi, wakakuta kiasi cha bikoidi kinatofautiana, ilhali mpaka wa kibiongo hauchezi. Mwaka 2007 wapimaji wengine, Wieschaus akiwamo tena, wakaona bikoidi yenyewe haitofautiani sana, asilimia 10 tu. Mabishano yakaendelea. Yai halikuyangoja: saa tatu hivi baada ya kutagwa kuta za seli zimekwisha jengwa, na kesho yake buu hutoka, lina pingili tatu za kifua na nane za tumbo, likaanza kula ndizi.