Utando

Wingu hutanda, buibui hutanda, na maziwa yakipoa hufanya utando. Wanabiolojia walipoliazima neno hili walichagua vizuri, ila linamfanya msomaji afikirie kitu cha juujuu tu. Katika seli ya ini, utando wa nje ni kama asilimia 2 tu ya tando zote. Zilizobaki zimekunjamana ndani, na huko ndiko kwenye shughuli.

Huko ndani, kwa mfano, protini huanza kubandikwa sukari kwenye retikulamu ya endoplazimu, ile yenye ribosomu, ambayo peke yake ni takriban asilimia 35 ya tando zote. Kisha huhamia Golgi, vifuko bapa vilivyopewa jina la Camillo Golgi, Mtaliano aliyevieleza mwaka 1898 alipokuwa akichunguza seli za neva za bundi. Humo vimeng'enya vilivyochomekwa utandoni huongeza galaktosi, kisha asidi ya sialiki. Sehemu yao inayofanya kazi hutazama ndani ya kifuko, ambamo protini hupita, kwa hiyo transferini, protini inayobeba chuma kwenye damu, hutoka inini ikiwa na sukari zake tayari. Utando gani wa maziwa unaweza hayo?